Upande Wangu wa Mashine

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya fundi viatu.
Jumapili jioni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko? Na mgongo je, umetulia au bado unautembeza kwa madaktari kama mtoto wa chekechea? Huku sisi wazima. Mama mzima, ila sauti imemkauka kwa kutugombeza mimi na Dada. Fundi viatu, mwenye nyumba wetu, naye yupo, bado anavaa viatu vilivyotoboka.

Mjomba, nakupenda, lakini umeniponza. Ulipoondoka ulituachia ile mashine yako ya kukatia nyasi, ya kusukuma kwa mkono, ukasema, "Mgawane sawasawa, msigombane." Si ungesema tupeane zamu! Dada akalishika neno lako kama lilivyo. Yeye akachukua skrubu ya kulia ya kukazia visu, mimi akanipa ya kushoto. Kila mtu na upande wake, kila mtu na spana yake. Ukigusa kwa mwenzio, vita.

Mashine yako unaijua. Visu vinavyozunguka vinatakiwa vikiguse kile kisu cha chini kidogo tu, kama mkasi, kutoka mwisho huu mpaka ule. Sasa mimi napenda ikaze. Dada anataka ilegee iwe nyepesi kusukuma. Kwangu vyuma vinasagana mpaka vinapata moto, vinapiga kelele jirani anafunga dirisha. Kwake ukitia karatasi kupima, inakunjwa tu, inatoka nzima. Nikimwambia, "Dada, kaza kidogo," ananijibu, "Bwana mdogo, baki kwako."

Shule tuliyokuwa tukiikatia nyasi walishatuchoka. Zahanati pia. Kazi iliyobaki ni moja tu, ile klabu ya wazee wanaoviringisha mipira kwenye nyasi, na nyasi zao wanazitaka laini kama kitambaa cha meza. Wiki iliyopita kila tulipopita tuliacha tuta la nyasi zisizokatika upande wa Dada. Mipira ikawa inapinda yenyewe, kama imeitwa nyumbani.

Mwenyekiti wa klabu akatuita. "Nyinyi mnakata nyasi au mnazing'oa kwa meno?" Akasema Jumamosi wana mashindano, wageni wanakuja, na tukiharibu tena tusirudi. Jamaa mwenye mashine ya injini alikuwa ameshafika getini kuulizia. Mimi hapo nikaanza kucheka, unanijua nikiogopa nacheka. Dada akanifinya.

Jumamosi asubuhi tukafika, tukaanza kugombana hata salamu bado. Mlinzi akaacha chai yake akaja kutazama. Mjomba, nilichoka. Nikamtupia Dada spana yangu. "Haya, kamata na kwangu, si wewe ndiye unajua kila kitu!"

Naye akanitupia yake. "Na wewe kamata kwangu, tuone huo ufundi!"

Akalegeza kwangu kwa hasira. Nikakaza kwake kwa hasira zaidi. Mlinzi akachana gazeti lake, akaingiza kipande, akazungusha visu taratibu. Chwa! Akahamia katikati. Chwa! Akaenda mwisho kabisa. Chwa! Safi kila mahali, kama kwa kinyozi. Mlinzi akasikitika, nadhani alikuja kuona ngumi.

Tukakata uwanja mzima. Mzee wa kwanza akaviringisha mpira, ukaenda umenyooka mpaka ukasimama alipotaka. Mwenyekiti, yule asiyejua kucheka, akatuambia, "Jumatatu msichelewe."

Ungedhani yameisha? Wapi! Tangu jana Dada anazunguka mtaani kujisifu. Anasema upande wa kulia ulikata vizuri kwa sababu ni wake. Nikamwambia aliyeukaza ni mimi. Akasema sawa, lakini wa kushoto aliulegeza yeye. Yaani kulia ni kwake kwa kurithi, kushoto ni kwake kwa ufundi. Mimi nimebaki na nini, Mjomba, mpini? Hesabu hiyo shuleni hawakufika, au walifika nikiwa nimeshatoroka.

Tafadhali andika mwenyewe kwamba mashine ni moja. Andika herufi kubwa, maana Dada kitu asichokipenda huwa hakioni vizuri. Na uwahi. Kesho ni Jumatatu, na leo asubuhi nimemwona anailegeza tena skrubu yake kama zamani.

Msalimie sana mkeo na wale mapacha wenu watundu. Mama anasema ule vizuri. Dada naye anakusalimu, upande wake. Mungu akunyooshee mgongo na njia zako zote.

Ni mpwa wako nikupendaye sana, kushoto na kulia,

Kidomo