Raba za Breki

Fundi wangu,

Salamu toka nyumbani. Mtoto ameota jino la tatu na analitumia kuning'ata. Ramani ya safari yetu ya baiskeli bado iko ukutani, na ule mstari mwekundu unaofuata bahari mpaka milimani. Sijaibandua.

Dada yako amerudi toka huko hospitali, anasema hutaki tena kushika spana. Eti ulimwambia, "Fundi anayesahau breki zake mwenyewe atatengeneza za nani?"

Mume wangu, hukusahau kitu. Asubuhi ile nilitoa raba mpya kwenye baiskeli yako nikazifunga kwenye yangu, maana mimi ndiye ningembeba mtoto kwenye miteremko. Zangu zilizolika nikakuwekea wewe. Nilijua hutoki mpaka Jumapili, nitakuwa nimeshakwambia. Nikaenda kufua, kumbe wewe umeshatoka kuujaribu mlima. Uliporudishwa umebebwa, mdomo wangu ukawa mzito kukwambia, na umebaki mzito mwezi mzima.

Nikasirikie utakavyo. Mguu umekatwa, lakini mikono ya fundi ipo. Spana zako nimezipaka mafuta.

Ni mimi mkeo, niliyefunga breki zako.