Mvua ya Wifi Kelebonye

Jumatatu, 3 Novemba

Siku ya kumi na tisa bila mume wangu, Rra Gaone. Saa mbili asubuhi nimetoka na chupa ya kupimia mkononi, kama nilivyotoka asubuhi zote za miaka ishirini na tisa. Nimeshafika kwenye kipimamvua, Wifi Kelebonye akanishika mkono. Hakuvuta. Alishika tu.

"Wifi, mwenye nyeusi hagusi kitu cha mvua."

Nilikuwa nimesahau! Nguo nyeusi mpaka kwenye vifundo vya miguu, na nimesahau. Eda ni mwaka mzima: nisikanyage shamba la mtu, nisiingie zizini, jua likizama niwe ndani. Hayo niliyakubali siku ya mazishi. Kipimamvua hakuna aliyekitaja, nami sikukifikiria.

Tumekubaliana atapima yeye. Nimemfundisha nikiwa dirishani — toa faneli, mimina kwenye chupa, inama mpaka jicho lilingane na maji, soma, andika. Juni itatimia miaka thelathini bila siku iliyokosekana. Hata siku niliyomzaa Gaone, Rra Gaone alipima yeye na kuniletea namba kwenye karatasi ya sukari. Sitaki ikatike kwa ajili ya kifo chake. Angenicheka.

Jumatano, 12 Novemba

Upepo wa moto kutwa. Vumbi limeingia mpaka kwenye uji wa mtama. Mawingu hakuna.

Ninalala mchana. Sijawahi kulala mchana maishani mwangu.

Leo nimemkasirikia marehemu. Miezi minne figo zinamuuma, anasema ni mgongo, eti kuinua ndoo za ng'ombe. Mficha maradhi kifo humuumbua — na kikamuumbua, na mimi pamoja naye. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Gaone yuko mbali, na akipiga simu analia yeye, mimi nambembeleza.

Jumapili, 30 Novemba

Wifi kaniletea daftari ninakili kadi ya mwezi ya kutuma wilayani. Kadi ni karatasi tu, wazee wameiruhusu. Jumla 58. Si mbaya.

Lakini tarehe 12 kaandika 9. Tarehe 12! Siku ya vumbi! Nimefungua shajara hii kuhakikisha. Kisha nikajitilia shaka. Bati la paa naliamini kuliko saa: milimita moja inachakacha, tano unapaza sauti, ishirini hamsikilizani kabisa. Rra Gaone alisema nina masikio ya serikali. Lakini siku hizi nalala kama mgonjwa. Labda ilinyesha. Labda Wifi alichanganya tarehe. Nimenakili, nimetia saini.

Alhamisi, 11 Desemba

Leo nimekaa dirishani makusudi. Wifi katoka saa mbili juu ya alama. Katoa faneli, kachungulia. Katazama mbinguni. Kisha kageuza ndoo, kaikalia, na kufikiri kwa muda kabla ya kuandika. Nani anafikiri mbele ya kipimamvua? Hapo hakuna cha kufikiri.

Tulipokuwa tukila maharage nikamuuliza kapima ngapi.

"Kumi na mbili."

"Za maji au za maharage?"

Akaweka kijiko chini. Bati halijalia siku sita, na yeye anajua kwamba najua.

"Unajua bombani wanasemaje?" akauliza. "Wanasema tangu uvae nyeusi mbingu zimefunga. Mke wa shemeji yako Molatlhegi anasema umeonekana unakatiza shambani kwao."

"Sijatoka nje ya ua huu."

"Najua. Basi nikawapelekea daftari. Nikawaambia someni wenyewe, mvua inanyesha uani kwake kuliko kwenu. Wakafyata." Akachukua kijiko tena. "Wewe si husema namba hazina umbea?"

Nilimfokea. Nikamwambia hili ni daftari la kupimia, si la kuombea. Akainuka, akaosha vyombo. Nilimsikia anasugua sufuria moja muda mrefu. Huyu ndiye aliyemwosha kaka yake wakati mimi siwezi kusimama. Hakuna aliyewahi kunidanganyia watu ili nisisemwe. Nikaenda kumkumbatia na mikono yake ina sabuni, tukalia wote wawili.

Sikumwambia aache. Hilo naliandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 31 Desemba

Kadi ya Desemba. 61. Kwa masikio yangu haifiki thelathini. Nimenakili kwa mwandiko wangu mzuri, nimetia saini. Mara hii nikijua.

Mwaka mpya kesho. Watu wanaimba kanisani. Sina la kuandika.

Alhamisi, 15 Januari

Molatlhegi, mdogo wake marehemu, amekuja. Kakaa nje ya mlango kama inavyotakiwa, tunaongea hatuonani. Ng'ombe za kaka yake anachunga yeye. Zilikuwa thelathini na moja. Zimebaki ishirini na sita.

"Pole, shemeji. Ila usijali, Bonde la Seolwane linafunguliwa mwisho wa mwezi. Daftari lako lina mia arobaini na tano. Bado tano tu."



Bonde la Seolwane ni akiba ya kijiji. Nyasi zake hazilishwi mpaka kgotla, baraza la kijiji, iseme, na kgotla huuliza daftari langu. Ule ukame mkubwa ulipokwisha, mimi na Bwana Tshenolo wa ofisi ya hali ya hewa tulitandaza kadi zote za mvua juu ya meza hii, na kando yake hesabu ya ng'ombe za kila mwaka. Siku tatu. Rra Gaone anatupikia, anaunguza. Tukaona jambo moja waziwazi: mwaka ambao mvua haijafika mia na hamsini ifikapo mwisho wa Januari, ukilisha bonde, nyasi hazirudi. Mizizi inaliwa pamoja na majani. Mwaka unaofuata ng'ombe wawili katika kila watatu hufa. Chifu akaweka sheria palepale: chini ya mia na hamsini, bonde halifunguliwi. Wa kwanza kusimama kuiunga mkono alikuwa mume wangu, na alikuwa amepoteza ng'ombe wengi kuliko wote.

Na sasa mvua ya kinywani mwa Wifi imefika mia arobaini na tano.

Nimemwambia Wifi: kuanzia kesho andika ulichoona. Sifuri ni sifuri. Alikuwa hajui habari ya bonde, au alijua na hakuunganisha. Alikaa chini kwenye sakafu. Akasema, "Mungu wangu, Wifi, nilitaka wanyamaze tu."

Jumapili, 18 Januari

Imenyesha! Usiku kucha mpaka alfajiri, bati linaunguruma. Nilisimama gizani nimeegemeza kiganja ukutani, nikasikia ukuta unatetemeka, nikafurahi kama mtoto. Kisha nikaanza kuhesabu.

Wifi kapima kumi na moja. Za kweli kabisa, kazipima mara mbili. 145 na 11.

Mvua ya kweli ndiyo imelivusha daftari la uongo. Wifi kaniambia niandike sifuri, sasa yeye ndiye anayenibembeleza. Nimekataa. Siwezi kufuta mvua iliyonyesha. Nicheke au nilie?

Jumanne, 27 Januari

Bwana Tshenolo amefika na gari la ofisi. Kazeeka, au ni mimi. Katoa pole, kamsifu marehemu, kacheka akikumbuka ule wali ulioungua. Wifi kampa chai na maandazi.

Kafungua karatasi zake. Kituo cha kaskazini kina 88. Cha mashariki 94. Changu 156.

"Mvua ya huku inachagua uwanja, Mma, tunajua," akasema. "Nyumba hii inalowa, ile inakauka. Na sheria inasema daftari la kijiji ndilo linaloamua. Nahitaji saini yako tu kufikia Alhamisi. Ijumaa nasoma kgotla."

Nikamuuliza: na daftari langu likiwa na kasoro? Akasema basi litawekwa kando na wataamua kwa vituo jirani. Bonde litabaki limefungwa. Kisha akanitazama. Nikamwambia nimeuliza tu.

Bonde likibaki limefungwa, Molatlhegi hana pa kupeleka ng'ombe. Zile ishirini na sita za Rra Gaone nitazisikia zikifa moja moja. Zingine nazijua kwa majina. Bonde likifunguliwa watashiba mwezi, na mwakani kijiji kizima hakina ng'ombe.

Jumatano, 28 Januari

Sijala. Wifi naye hajala. Anasema atakwenda mwenyewe kgotla akiri. Nikamwambia watamla nyama. Mwanamke aliyedanganya habari ya mvua, mwaka kama huu! Ataishi vipi hapa? Hana mume, hana mtoto, nyumba yake ni hii yangu.

Nikamtuma dukani sukari tusiyoihitaji.

Alhamisi, 29 Januari

Bwana Tshenolo kaja kuchukua saini, nimemwambia. Wifi alikuwa bombani.

Nimesema: namba za Novemba, Desemba na Januari si za kweli, isipokuwa chache. Akauliza nani kaziandika. Nikamwonyesha kadi. Mwandiko wa nani huo? Wangu.

"Na nani alikuwa anapima?"

"Mimi."

Kwenye kadi sikudanganya, si kwa kiasi kikubwa. Desemba niliinakili kwa mkono wangu nikijua. Kwenye kupima nimedanganya.

Aliitazama nguo yangu nyeusi. Ni mtu wa huku, kwao wanashika eda kama sisi. Akafunika kalamu.

"Mma, ninalazimika kusema kgotla kwa nini daftari limewekwa kando. Unajua watasemaje. Watasema mjane kashika kipimamvua, ndiyo maana hakuna mvua."

"Najua."

"Na ile miaka ishirini na tisa? Nikiulizwa kama nayo ni ya kweli, nijibu nini?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilifikiria ng'ombe, nilifikiria Wifi, nilifikiria midomo ya wanawake. Miaka yangu mwenyewe niliisahau. Namba ya siku aliyozaliwa Gaone imo humo. Asubuhi ya baridi kali ambayo Rra Gaone aliniwekea soksi zake mikononi, imo humo. Sifuri zote zile, maelfu ya sifuri, na kila moja nilitoka nje kuitazama.

Nikamwambia ajibu anavyoona. Akasema itabidi iwekewe alama ya shaka mpaka ilinganishwe na vituo vingine. Inaweza kuchukua miaka. Alisema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa. Akasimama, akanipa mkono, akaondoka na madaftari yote.

Rafu iko tupu. Nimeifuta vumbi.

Ijumaa, 30 Januari

Saa nne. Wifi kaenda kgotla kusikiliza. Mimi siruhusiwi. Sijamwambia niliyosema jana — nilijaribu mara mbili, mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama kachukua kitambaa chake cha kichwa.

Saa tano na nusu. Upepo unaleta sauti za wanaume. Mtu mmoja anapaza sauti, nadhani ni Molatlhegi. Kisha kimya. Kimya kirefu kuliko cha sala.

Lango la ua. Ni Wifi, anakuja mbio, viatu mkononi. Nimesimama kumpokea. Amenipita, akazunguka ndani kama anatafuta kitu, kisha akaburuta kiti mpaka mlangoni na kukikalia. Amenipa mgongo. Nimemwita. Hajageuka. Mabega yake yanapanda na kushuka.

Nimemwambia, nilifanya kwa ajili yako.

"Nyamaza," amesema. "Nani alikuomba?"

Sasa nawasikia barabarani, wengi, wanawake kwa wanaume. Mke wa Molatlhegi anaongoza, sauti yake naijua. Wanaita jina langu, si Mma Gaone, jina langu la usichana. Wamefika langoni. Wanasema nitoke.

Wifi hajanigeukia bado. Hajasogea pia. Amevaa viatu vyake, kimoja kimoja, amefunga kamba. Amesimama katikati ya mlango, mkono huu kwenye nguzo hii, ule kwenye ile. Anasema, "Nisikilizeni mimi kwanza."