Niti Mia Mbili na Hamsini Haziliwezi Jua la Alasiri

Mjomba wangu Majaliwa,

Shikamoo. Natanguliza dai langu: televisheni ya niti mia mbili na hamsini haifai baraza linalopigwa na jua, hata iwe kubwa kama mlango, na sitamwomba radhi Mzee Shamsudin kwa kulisema hilo dukani kwake. Baada ya hayo, u hali gani hapo Miono? Mkaza mjomba anaendeleaje na mguu? Sisi huku Bagamoyo tu wazima, alhamdulillahi.

Najua umesikia kwamba nimemdhalilisha mtu ambaye ulikuwa umpelekee posa yangu ya kumwoa binti yake, Adila, nawe umeiweka kando hadi nitakapoomba radhi. Sikiliza basi ilivyokuwa. Nilikuwa nimepita dukani Bi Shufaa alipokuja kununua televisheni ya baraza la mgahawa wake. Mzee akamsifia ya inchi hamsini na tano, ya bei nafuu. Nikaeleza kwamba niti ndicho kipimo cha mwanga wa kioo, kwamba hiyo inazo mia mbili na hamsini tu, ile ya inchi arobaini na tatu inazo mia tano, na kwamba laki mbili zinazozidi ndiyo bei ya kuuona mpira alasiri. Mzee akanijibu kwamba televisheni hutazamwa, haisomewi shahada. Nikaomba zote mbili zitolewe juani. Katika ile kubwa Bi Shufaa alijiona mwenyewe, akasema kioo cha kuvalia mtandio anacho nyumbani. Watu wakaangua kicheko.

Nikaongeza kwamba chapa ile hurudishwa taa za ndani zimekufa kabla ya mwaka, ilhali hii nyingine vipuri vyake vimejaa Dar. Hapo ndipo Mzee alipofoka, akataka kujua nani ananipa siri za duka lake. Sikumtaja mtu.

Wewe nakuambia: ni Adila. Yeye ndiye anayezipokea televisheni hizo zinaporudishwa dukani, na amemsihi baba yake aiache chapa hiyo, hakusikilizwa. Ameniruhusu nikuandikie haya, na kesho yeye mwenyewe atamwambia baba yake. Amesema pia kwamba nikiliombea radhi neno lake la kweli, posa isipelekwe kabisa.

Wasalimie wote hapo, wakubwa kwa wadogo. Jumapili tutakapokutana kwa Bibi, tafadhali usiniite pembeni. Nijibu mbele ya ukoo mzima: utaipeleka posa bila radhi yangu, au nimkabidhi ami?

Mpwa wako,
Mikdad