Moto Uliohamia Bunda

Bweri, Musoma
9 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje, na presha je? Mimi mzima, nakula, nalala, na chumba nilichopanga hakivuji. Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda kabisa. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango, na wewe ukanijibu habari za mahindi. Bonifasi amekubali kutubebea barua kila akija mjini na bodaboda yake.

Nimepata kazi ya mkataba kwenye shirika moja hapa Musoma. Kazi yenyewe ni kulinganisha makaratasi. Nasoma taifa linasema nini juu ya nishati safi na mabadiliko ya tabianchi, halafu mkoa, halafu wilaya, halafu kijiji, naangalia kama wanaelewana. Hawaelewani. Taifa linataka ifikapo 2034 watu themanini katika kila mia wawe wanapikia nishati safi. Mkoa unahesabu mitambo ya gesi ya samadi, wilaya inahesabu miti, kijiji kinawakimbiza wenye kuni.

Jana nikafika kwenye orodha ya Butiama, kata ya Buswahili, nikakuta: Petronila Machage, mtambo wa biogesi, unafanya kazi. Nilifurahi peke yangu pale mezani mpaka nikaona aibu. Nakumbuka baba alivyochimba lile shimo, na ulivyoogopa kuwasha kiberiti siku ya kwanza. Najua sijaja tangu tumzike, Januari ya mwaka jana. Maneno ya baba mdogo Mugeta bado yananichoma, kwamba mwanamke aliyeolewa hazeekei chumba cha kupanga, nirudi Bunda kwa Jofrey. Huyo huyo aliyenivunja mkono. Nitakuja hasira ikipoa.

Niambie moto unawakaje.

Mwanao,
Boke


Buswahili, Butiama
30 Machi 2025

Mwanangu Boke,

Marahaba. Mimi nipo, namshukuru Mungu. Goti siku hizi linajua mvua kabla ya mawingu. Hongera kwa kazi, ingawa sijaelewa bado mtu anaajiriwaje kusoma tu.

Orodha yako haijakosea sana. Mtendaji wa kijiji alikuja na daftari, akasimama mlangoni, akauliza, "Mama, ule mtambo si upo?" Nikamjibu upo. Na kweli upo, utaenda wapi, si shimo lile? Akatia tiki akaondoka, hata maji hakunywa.

Habari nyingine hakuna. Napika kidogo. Ile sufuria ya uji wako wa utotoni ndiyo inanitosha kwa ugali. Jioni zimekuwa ndefu tangu baba yako aondoke. Wakati mwingine najikuta naongea naye, halafu nakumbuka hayupo. Unakuja lini? Mugeta anaongeaga tu, usimtie moyoni.

Mama yako


Bweri, Musoma
18 Mei 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua hizi hazikukutesa sana. Nisamehe kuchelewa, vikao havikuisha.

Kuna jambo. Nilimtania Bonifasi kama umeshamchemshia chai ya biogesi, akasema, "Dada Boke, mama anapikiaga mabua ya pamba, mbona siku zote?" Mama, mtambo umeharibika? Kama bomba limepasuka, sema tu. Namfahamu fundi mmoja, Abubakary, mtu mwaminifu, atakuja aukague.

Tena mkuu wangu wa kazi, dada Hana, ameipenda habari yako. Anataka niandike ukurasa mzima kuhusu nyumba yako, namna mpango wa taifa unavyoshuka mkoani, wilayani, kijijini, mpaka jikoni kwa mjane wa Buswahili. Nieleze basi. Unaanzaje asubuhi, unachanganyaje samadi, mwali una rangi gani. Najivunia sana, mama. Huku hakuna mtu wa kumweleza fahari hiyo, ndiyo maana nakuandikia mwenyewe.

Mwanao,
Boke


Buswahili, Butiama
29 Juni 2025

Boke,

Marahaba. Nipo.

Usimtume fundi. Mtambo haujaharibika. Na huo ukurasa usiniandike.

Mwezi huu walikuja kugawa mitungi midogo ya gesi kwa akina mama wa kitongoji. Judith hapa jirani amepata. Waliponifikia mimi wakasoma daftari, wakasema huyu tayari ana nishati safi, wakaniruka. Wiki iliyofuata mgambo akanikuta na mzigo wa kuni za mlimani, zilizokauka zenyewe. Akaniuliza, "Wewe mama una gesi, kuni za nini tena?" Nikazitua palepale nikarudi mikono mitupu. Kwa hiyo uwaambie wakubwa zako kwamba safari hii taifa, mkoa, wilaya na kijiji wameelewana. Wote wanasema mimi napika vizuri.

Sitaki kuulizwa zaidi. Ukija utaona mwenyewe.

Mama yako


Bunda
14 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa uso gani.

Niko Bunda tangu jana, tumetumwa kukagua mitambo mipya. Nyumba ya tatu kwenye orodha ilikuwa ya baba yake Jofrey. Nilitaka kubaki kwenye gari, nikajiuliza nitajificha mpaka lini, nikashuka. Jofrey hakuwepo, yuko machimboni. Nyuma ya nyumba kuna banda la saruji, ndani ng'ombe sita. Wa kwanza kugeuka alikuwa yule mwekundu mwenye sikio lililopasuka, niliyemnywesha maziwa kwa chupa hapo nyumbani mwaka ule kabla sijaolewa.

Aliyekuwa baba mkwe wangu aliniambia bila ubaya wowote, "Si ndizo ng'ombe za mahari mlizorudisha? Zililetwa baada ya matanga ya mzee wenu. Tukaambiwa zinatosha kuwekewa mtambo." Kisha akawasha jiko tulione. Mwali ulikuwa wa buluu, umetulia. Hana akaniuliza kwa nini natokwa na machozi, nikasema moshi, na nyumba ile haina moshi hata kidogo.

Kumbe baba alikataa kuwarudisha mpaka anakufa, na wewe ukawatoa peke yako. Mwaka na nusu unakosa samadi ya kuuendesha mtambo, na mimi nakuuliza rangi ya mwali.

Nimefungua jedwali langu. Butiama nimetoa mtambo mmoja, Bunda nimeongeza mmoja. Jumla ya mkoa haikusogea. Huko taifani hakuna kilichotokea. Wilaya tu ndiyo inaonyesha, na yenyewe haisemi ni nani. Nimeandika jina lako kwenye orodha ya wasio na nishati, mgao mwingine wa mitungi usikuruke. Hilo ndilo niliweza.

Nitawanunua ng'ombe upya, mama, mmoja mmoja, hata ikichukua miaka kumi. Sitathubutu kuingia kwako mikono mitupu. Nitakuja nikiwa namswaga ng'ombe wa kwanza. Nisamehe.

Mwanao,
Boke


Buswahili, Butiama
31 Agosti 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mwili wangu hauna neno. Barua yako imenikalisha chini siku mbili.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utalia mbele za watu, na umelia. Walikuja wanaume wanne wa kwao Jofrey matanga yalipoisha. Wakasema ama ng'ombe, ama mke wao watamfuata hukohuko Bweri. Mugeta alitaka urudishwe wewe, ng'ombe wabaki. Nilikwenda kufungua zizi mwenyewe, sikumwomba mtu ushauri. Sijajuta. Siku ile nilikula nikashiba, mara ya kwanza tangu tumzike baba yako.

Hayo ya jedwali umefanya vizuri. Mtungi ukija nitaupokea. Lakini ng'ombe sitaki. Miaka kumi, Boke? Umesahau umri wangu? Unaandika kana kwamba kuna mtu amekudai. Mimi sikuwatoa ng'ombe ili ujifungie Bweri. Niliwatoa ili uwe huru kwenda unakotaka, nikadhani kwangu ni mojawapo ya huko.

Nimechoka kuongea na karatasi. Nazisoma barua zako mara tatu tatu, nikizikunja nyumba inazidi kuwa kimya. Bonifasi atakuja mjini Ijumaa, saa nne asubuhi atakuwa mlangoni kwako. Nimemwambia akirudi bila wewe, asiniletee barua.

Mama yako