Kobe wa Mama Mkwe na Ua wa Manyara

Jumapili, Yoba. Mvua ilianza adhuhuri, sasa imekatika na uani kunanukia udongo. Mtoto amelala. Nina aibu na nina furaha, sijui niandike ipi kwanza.

Aibu kwanza.

Mama Mwajuma, mama yake mume wangu Swedi, yuko kwetu hapa Gitega mwezi wa tatu sasa. Alitoka Gashoho, huko Muyinga, asubuhi ambayo risasi zilifika kilima cha jirani. Alikuwa na cherehani iliyomlisha tangu awe mjane. Aliiacha. Akaja na kobe ndani ya kikapu, amemfunika kwa kitenge.

Watu wa mtaa walicheka. Na mimi nilicheka, jikoni, peke yangu. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Alikuwa akichagua mchele, wala hakuinua macho. "Cherehani haiwezi kunitafuta," akasema. "Huyu angenitafuta."

Kobe anaitwa Nyamasyo, yaani kobe tu kwa Kirundi. Mama alimwokota kwenye shamba lililochomwa moto, mdogo kama kifuniko cha birika, akamlea miaka kumi na moja. Kwetu alikuwa anazurura. Alinimalizia mchicha, na kila jioni tulikuwa tunamtafuta nyuma ya choo. Nilichoka.

Basi Jumanne, Mama alipokwenda kuhani msiba kwa siku mbili, nilikata matawi ya manyara kwa jirani nikayachomeka kwa duara, nikamwingiza kobe ndani. Manyara hushika upesi na hayadai maji. Nilijisifu kabisa.

Nimekulia Kigoma. Utotoni tulikatazwa kuchezea manyara, kwa kuwa utomvu wake mweupe unaunguza macho. Nilijua. Siku ile sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka.

Alhamisi asubuhi Nyamasyo alikuwa amefumba macho, yamevimba kama punje za maharage, na povu mdomoni. Swedi akasema ni baridi ya Gitega. Mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza mpaka adhuhuri.

Mama alikuwa amepiga magoti pale chini, ananusa mdomo wa kobe, anamfuta kwa ncha ya kanga yake. Hakumlaumu mtu. Nadhani hilo ndilo lililonishinda. Nikamwendea. "Mama, ni mimi. Manyara ni mimi niliyeyapanda."

Nilingoja nifokewe.

"Eh, mwananje," akasema, yaani mwanangu. "Ile iko na maziwa mubaya sana. Leta maji. Ichemke kwanza, halafu ipoe."

Tulimwosha macho na mdomo, mara tatu, mara nne. Kisha akanigeukia. "We unanyonyesha. Leta na maziwa kidogo."

"Ya kobe, Mama?"

"Kwetu manyara ikiingia mtu ku macho, ndivyo tunafanya. Huyu naye iko na macho."

Nikaenda nyuma ya pazia nikakamua maziwa yangu kwenye kijiko. Nilicheka huku machozi yananitoka. Sijui kama yalisaidia maziwa au maji. Najua tu kwamba nilishika kile kijiko kwa mikono miwili nisimwage hata tone.

Ijumaa Mama aling'oa ua wote, amevaa mifuko ya plastiki mikononi. Mimi alinikataza kugusa kwa sababu nabeba mtoto. Baada ya hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nataka nisikisahau.

Mama hajui kusoma. Lakini sijaona mtu anayechagua kama yeye. Tulizunguka mtaa wetu wa Yoba nyumba kwa nyumba, kutafuta mimea ya kumpandia kobe. Kila mmea anavunja kijiti, anatazama kama kinatoa maziwa, ananusa. Ukitoa maziwa, anauacha. Asioujua, anauacha pia, hata uwe mzuri namna gani. "Nikikosa kujua, si huyu atakayenionjea," aliniambia. Nilipomwonyesha mnyonyo, nikidhani majani yake mapana yatatoa kivuli kizuri, alinivuta mkono kabisa.

Jirani yetu Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Uvira, alituletea tawi la loriye, mti wa mapambo wenye maua ya rangi ya waridi. Nilikaza roho, maana Mama Furaha hukasirika haraka. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasifu maua. Halafu akasema taratibu, "Hii ni ya mlangoni kwako, dada, watu wapite waangalie. Ikiingia tumboni, inaua. Mi naomba ile matembele yako." Mama Furaha akacheka, akatukatia fungu zima.

Kumbe mtu anaweza kukataliwa hivyo na akaondoka amefurahi.

Jana tulipanda. Matembele upande wa jua. Kongwe, ile mboga-mwitu ya maua ya buluu, penye unyevu, kwa sababu huko Gashoho Nyamasyo alikuwa akiila kabla ya kitu kingine chochote. Ibiskusi nyekundu katikati, iwe kivuli baadaye. Majani yote aliyaosha kwanza, mizizi akaikung'uta. Kuzunguka kote, badala ya miti, tuliweka matofali yaliyobaki Swedi alipojenga jiko.

Leo, mvua ilipopungua, Nyamasyo alifungua jicho moja. La kulia. Alikaa hivyo muda mrefu, kama anayesikiliza. Kisha akanyoosha shingo, akauma jani la tembele. Mama alikaa juu ya tofali, mvua ya rasharasha inamlowanisha, anamtazama akitafuna. Lile la kushoto bado limevimba, lakini halitoi tena usaha.

Nilimletea mwavuli. Hapo ndipo aliponiambia, "Siku barabara itakuwa nzuri, mi nitarudi Muyinga. Huyu nitamuacha na we."

Nikasema, "Mama, mimi ndiye niliyetaka kumuua."

"Ndiyo. We sasa utauliza. Wengine hawaulizi."

Nimekaa na maneno hayo tangu alasiri. Ningekuwa mimi, ningemwachia kitu changu mtu aliyenikosea hivyo, juzi tu? Najua jibu, na silipendi.

Kesho nitakwenda naye soko la Makebuko kutafuta mbegu za maboga. Yeye atangulie, mimi nibebe kikapu.