Nani Anakula Mshahara wa Swaumu

Mazingara, Handeni
9 Januari 1966

Mwanangu Swaumu,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako kiuno kinamsumbua asubuhi, jua likipanda kinamwachia. Mfungo tunauendea vizuri, ingawa joto ni kali na kisima cha karibu kimekauka. Nawe je, hujambo? Saumu unaiweza na kazi hiyo ya kukaa mbele ya mashine kutwa?

Fedha ulizotuma tumezipata, tumenunulia mahindi. Mungu akuzidishie.

Sasa kuna jambo. Habakuki, mtoto wa jirani yetu Simeo, alikuja kula Krismasi. Alipoondoka, nyumba ya baba yake ilikuwa imeezekwa bati mbele na nyuma. Nilimuuliza anafanya kazi gani huko kwenye mkonge. Akasema, "Ile ile ya Swaumu, mzee. Tunapiga taipu chumba kimoja, meza yake na yangu zinatazamana." Niliitikia, nikaenda zangu.

Tangu siku hiyo sina raha. Wewe umemtangulia kazini miaka miwili. Kama kazi ni moja, mbona fedha zake zinafika nyumbani na zako zinaishia njiani? Shangazi yako Mwaija anasema alikuona sokoni Korogwe, unacheka na mwanamume mwenye shati jeupe. Na hapa watu husema binti akikaa peke yake kambi ya mkonge, mshahara wake una mwenyewe.

Siulizi kwa ugomvi. Unajua nilivyobishana na ndugu zangu ili usome mpaka darasa la nane, wao wakitaka uolewe. Nataka kujua nani anakula mshahara wako. Nijibu wewe mwenyewe, usimwagize mtu.

Baba yako,
Isihaka Mhina


Mnyuzi, Korogwe
30 Januari 1966

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Idi njema, hata kama imepita. Mimi niliila kwa jirani, maana tulipewa siku moja tu ya mapumziko. Mwili hauna neno. Mama mwambie ajikande kwa maji ya moto.

Barua yako niliisoma nikaifunga, nikaisoma tena. Yule mwenye shati jeupe ni karani wa posta. Alikuwa akinieleza kwamba hawala yenu imechelewa kwa sababu basi la Handeni limekwama. Ndicho alichokiona Shangazi. Mshahara wangu tunaula mimi na ninyi na duka la Mbwana, ambako nachukua mchele na mafuta ya taa mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna mwingine.

Lakini umenitia wasiwasi wa upande mwingine. Habakuki alipokuja hapa hakujua hata karatasi inaingilia wapi kwenye mashine. Mimi ndiye niliyemfundisha. Mpaka leo barua ya Kiingereza ikimshinda ananiletea. Sasa ana saa ya mkononi, ana baiskeli, na kumbe anaezeka bati. Anapata wapi? Ghala la dizeli liko nyuma ya ofisi, na funguo anakaa nazo yeye. Sisemi kitu. Ila nimeanza kumtazama.

Tafadhali usimwambie Mzee Simeo.

Binti yako,
Swaumu


Mazingara, Handeni
27 Februari 1966

Mwanangu Swaumu,

Salamu. Sisi wazima, mama yako amejikanda na amepata nafuu kidogo.

Nimemwambia Simeo. Alikuwa anasimulia habari za bati mbele ya watu dukani, nikashindwa kuvumilia. Hakukasirika. Alisema atamwandikia mwanawe amuulize, na tangu siku hiyo akienda shambani anapita njia ya nyuma asinione.

Lakini nawe usidhani umenitoa shaka. Mara nyingi mwenye lake jambo ndiye wa kwanza kumwonyesha mwenzake kidole. Shangazi yako atakuja kukutembelea. Mpokee vizuri, umwonyeshe unapolala.

Baba yako,
Isihaka


Mnyuzi, Korogwe
17 Aprili 1966

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua zimefika kwenu na Mama anapanda. Mimi nina afya, moyo ndio hauna.

Shangazi amekuja na ameondoka. Nilimpikia wali. Nilipokwenda kuteka maji aligeuza godoro langu, akapekua sanduku la nguo, kisha akawauliza majirani kama kuna mtu huingia kwangu. Hakupata kitu, na bado aliondoka amevuta mdomo. Ungeniuliza mara ya pili ningekujibu, Baba. Hukuwa na haja ya kunipekua.

Sasa la Habakuki. Alipata barua ya baba yake. Aliingia ofisini, akasimama mbele ya meza yangu.

"Swaumu, umemwambia mzee wako kwamba mimi ni mwizi?"

Niliondoa mikono kwenye mashine.

"Mimi siibi. Napewa."

Akataja mshahara wake. Ni karibu mara mbili ya wangu. Nilimwambia anadanganya, naye akamgeukia Bi Filomena amshuhudie. Huyu Filomena ni Mgoa, ndiye mkubwa wetu mle chumbani, amekaa hapo kabla yetu sote. Hakusema ndiyo wala siyo, aliendelea kupiga taipu. Ndipo nilipofahamu kwamba siku zote alijua, na kwamba wake lazima unapita hata wa Habakuki. Baadaye nilimuuliza tukiwa wawili. Alisema, "Usiniulize, Swaumu. Kiti hiki kabla yangu alikikalia Mzungu. Mimi nami nina langu la kuuliza."

Nilikwenda kwa Bwana Meneja. Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Bi Filomena yuko kwenye daraja la Waasia, liliwekwa zamani, si yeye aliyeliweka. Habakuki ni mwanamume, ana watu wa kulisha. "Wewe," alisema, "una baba wa kukulisha."

Nikamwambia mimi ndiye ninayemlisha baba yangu. Akatabasamu. Alidhani nafanya mzaha.

Basi, Baba, uliuliza nani anakula mshahara wangu. Unaliwa kabla haujanifikia. Sijui kama utaniamini. Barua hii nimeipeleka posta mwenyewe, kwa sababu ile ya kwanza niliiacha kwenye kapu la ofisi, na siku hizi nadhani ilifunguliwa.

Binti yako,
Swaumu


Mnyuzi, Korogwe
10 Desemba 1967

Baba,

Shikamoo. Naandika kama anayebisha hodi penye nyumba kimya. Mwaka umepita na zaidi, hujanijibu hata neno. Karani wa posta ananiambia hawala zinasainiwa na kuchukuliwa, kwa hiyo najua mko hai. Mama anaendeleaje? Mwezi mtukufu umewakuta wazima?

Mambo hapa yamegeuka. Serikali imelichukua shamba. Yule meneja Mzungu ameondoka, na Bi Filomena amehamia Tanga kwa kaka yake. Kambini ngoma ililia mpaka tukachoka. Meneja wa sasa ni Bwana Valerian, kijana, mtu wetu, anayemwita kila mtu ndugu. Habakuki amefanywa karani mkuu. Mimi nimewekwa kwenye meza ya Filomena na kazi zake zote, ila mshahara umebaki ule ule wa zamani.

Nilimwendea Bwana Valerian. Nikamuuliza kama madaraja ya rangi hayajafutwa. Akasema yamefutwa. Nikauliza, basi langu ni daraja la nini? Alisema nchi bado changa, kina mama tuwe mfano wa kujitolea, na kwamba msichana kama mimi nitaolewa tu. Nilirudi mezani, nikaifunika mashine. Kulikuwa na ripoti ya Kiingereza ya kwenda Dar es Salaam, na hakuna mwingine wa kuipiga.

Jioni aliniita, akafunga mlango. Alisema kuanzia mwezi huu nitapata sawa na aliyokuwa akipata Habakuki kabla ya cheo. Kabla sijashukuru akaongeza, "Lakini liishie humu ndani. Kina mama wa korona wasisikie."

Hao ndio wanaoanika singa za mkonge zikitoka kwenye korona, ile mashine ya kuchuna majani, na kuzipiga brashi. Wanaume wachache wanafanya nao kazi hiyo hiyo, na wanawazidi malipo. Jioni tunakutana bombani. Wameshaanza kuniuliza mlango ulifungwa kwa habari gani, nami nawajibu kwamba ni kazi za ofisi.

Nipe shauri, Baba. Hata kama hunipendi tena, shauri unaweza kunipa.

Binti yako,
Swaumu


Mazingara, Handeni
7 Januari 1968

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Idi imepita salama. Mama yako hajambo, ila amekonda.

Nilikaa kimya kwa sababu sikuamini kwamba mtu mwenye akili zake atasema mimi nakulisha wewe. Nilidhani umelitunga. Mwezi uliopita Simeo alikwenda kumwona mwanawe, nikamwomba aulize. Habakuki alisema siku ile ya meneja Mzungu mlango ulikuwa wazi, alisikia kwa masikio yake. Simeo alinipa jibu hilo dukani, palepale nilipomsema, nikatazama chini.

Shauri langu ni hili. Fedha chukua, mdomo funga. Vuli imetukimbia, mahindi yamenyauka yakiwa ya magoti. Wanawake wa korona hukuzaliwa nao tumbo moja, na hujui nani kati yao anampelekea meneja maneno. Na huyo Valerian usimwamini. Anayefunga mlango ili akupe haki yako ataufunga tena siku ya kuichukua. Lakini maadamu anatoa, pokea.

Nilipokuwa naandika, mama yako aliniomba nimsomee. Nilipofika pale pa kufunga mdomo aliinuka akaenda jikoni.

Baba yako,
Isihaka


Mnyuzi, Korogwe
31 Machi 1968

Baba,

Shikamoo, na umpe Mama shikamoo yake peke yake. Mimi nakohoa kidogo, vinginevyo mzima.

Nilifuata shauri lako miezi miwili. Mlipata hawala nene, nadhani mliona. Lakini mwezi wa pili wanawake wawili wa korona walifukuzwa kwa kunung'unikia malipo, na wenzao wakaamini mimi ndiye niliyewasema. Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Nikisogeza debe langu wanasogea kando. Hata mimi, ningekuwa wao, ningeamini hivyo.

Kuna mmoja anaitwa Nalotuesha, mjane kutoka nyika za huko kwetu, aliyekuja kwenye mkonge ng'ombe wake walipokwisha kwa ukame. Yeye ndiye pekee aliyenikabili. Aliniuliza, "Ule mlango ulifungwa kwa habari yetu?"

Nikawaambia yote. Mshahara wangu wa zamani, wa sasa, wa Habakuki, na maneno ya Bwana Valerian. Hakuna aliyenishukuru. Nalotuesha alijitwika debe lake akaondoka, na nilijua bado wananipima.

Jumatatu hawakuanika. Walikaa chini kando ya kamba, singa mbichi zimelala kwenye mafungu mpaka zikaanza kubadilika rangi. Bwana Valerian aliwaleta vibarua wanaume, wakaanika ovyo. Akawatisha, wakabaki wamekaa. Watu wa chama cha wafanyakazi walikuja kutoka Korogwe, nao mwanzoni waliongea na meneja peke yake, tukadhani tumeuzwa. Siku ya pili waliongea nasi. Mwisho ilikubaliwa kwamba kwenye kuanika na brashi mwanamke atalipwa kama mwanamume. Wale wawili waliofukuzwa hawakurudishwa.

Mimi nimetolewa ofisini. Bwana Valerian aliniambia niende nikakae na wenzangu, akaagiza mpiga taipu mwanamume kutoka Tanga. Habakuki alikuwepo, akakagua kalamu yake.

Sasa niko chumba cha brashi. Vumbi ni jingi, tunajifunga kanga puani. Mkono wangu wa kulia anafanya kazi mzee mmoja wa Vugiri. Siku ya mshahara aliniuliza nimepata ngapi, nikamwonyesha, naye akanionyesha zake. Zilikuwa sawa. Tulicheka, kwa maana zetu sote wawili ni kidogo. Lakini tangu nianze kazi hilo halikuwa limewahi kunitokea.

Hawala ya mwezi huu ni nyembamba, Baba. Usimtume Shangazi.

Binti yako,
Swaumu


Mazingara, Handeni
14 Aprili 1968

Mwanangu Swaumu,

Marahaba. Mvua imeanza, tumepanda upya. Mama yako ananiambia niandike maneno yake bila kuyageuza: kikohozi kikizidi urudi nyumbani, kisipozidi ukae hapo hapo.

Shangazi yako alikuja jana. Alikwisha kusikia kwa watu kwamba hawala imepungua, akaniuliza ni nani tena anayeula mshahara wako. Nilimwambia akae, nikamsomea barua yako kuanzia salamu. Nilipomaliza alitaka nirudie pale pa yule mzee wa Vugiri. Nikarudia. Akasema hajaamini, huenda mzee yule alificha nyingine mfukoni.

Mimi nimeamini. Ila huyo Valerian endelea kumwangalia.

Baba yako,
Isihaka Mhina