Utani wa Bonaventura Umeingia Kwenye Ripoti

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Mvua tangu alfajiri. Chama cha wafanyakazi kimeniangushia kazi — Mei Mosi nisimame nieleze historia ya fidia ya wanaoumia kazini huku kwetu, Korogwe na Handeni. Eti kwa kuwa mimi ndiye katibu wa tawi hapa kiwandani, na mdomo ninao. Haya! Nimeanza na enzi za manamba, vibarua wa mkonge wa wakati wa ukoloni: mtu akikatwa mkono, mwenye shamba ndiye anayeamua, na mara nyingi anaamua kumrudisha kwao. Ikaja sheria iliyotaja kila kiungo na thamani yake, lakini mlipaji ni tajiri yuleyule, na mbishi ni yeye huyohuyo. Siku hizi kuna Mfuko wa Fidia, waajiri wote wanachangia. Hapo nikachoka, nikaenda kupika.

Jumatano, 17 Aprili

Balaa. Korona, ile mashine yetu ya kukamua mkonge, imemla mwenzetu Mdoe vidole vitatu, mkono wa kulia. Alikuwa analisha mashine majani ya mkonge, jani likavuta glavu. Nilimfunga kwa kanga yangu mpaka hospitali. Jioni mkewe, Mwanaidi, kafika kutoka Sindeni. Hakulia. Aliuliza tu jembe mumewe atalishika vipi.

Ijumaa, 19 Aprili

Joseph, afisa usalama wetu mpya kutoka Dar, kahoji mashahidi. Kijana mpole, ila kanyooka kama rula. Aliyekuwa karibu zaidi na mashine ni mzee Bonaventura — Mnyamwezi, babu yake aliletwa huku na mkonge. Na Mdoe ni Mzigua. Watani wa jadi, makabila yenye ruhusa ya kutaniana! Miaka nenda rudi wanatukanana kuanzia chai ya asubuhi. Basi Joseph kauliza ilikuwaje, Bonaventura kamjibu kwamba Mzigua huyu kajikata makusudi, mvua zimeanza, anakwepa kulima.

Na Joseph kaandika. Neno kwa neno. "Makusudi"!

Aliyejiumiza makusudi anaweza kunyimwa fidia. Nina hasira mpaka masikio yanawaka. Mdoe bado hajaambiwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilesh, mwenye kiwanda, kazaliwa hapahapa Korogwe. Kusoma tu ile ripoti akacheka, halafu akashika kichwa. Hataki iende Mfukoni hivyo. Lakini Joseph kasema hana ruhusa ya kufuta maneno ya shahidi, shahidi aje mwenyewe ayafute. Yuko sahihi, nakubali kwa shingo upande.

Nikamfuata Bonaventura kwake. Kagoma! Mtani haombi radhi kwa utani, anasema, hata msibani. Na akianza leo kumwambia Mdoe maneno ya huruma, Mdoe atajua kumbe kaumia kweli.

Nikamwuliza, sasa kwa nini hukumwambia yule kijana ulichokiona?

"Nilichokiona, mama Rukaya, hakisemeki. Vidole vyenyewe mimi ndiye niliyeviokota."

Nilikwenda na matusi yangu tayari. Nimerudi nayo.

Jumatatu, 22 Aprili

Ofisini kwa Nilesh. Yeye, Joseph, mimi, Mdoe na bandeji yake. Nilishaambiwa Bonaventura haji. Kaja, na shati la kanisani.

Joseph kamwuliza taratibu: mzee, Mdoe alijikata makusudi? Bonaventura kavua kofia. Kasema jani lilivuta glavu, glavu ikavuta mkono, yeye akapiga kelele mashine izimwe. Akalia. Mbele ya Mzigua! Watani nimewaona wakiingia kaburini kuzuia maiti isizikwe mpaka wapewe chochote. Kulia, sijawahi.

Mdoe alimkodolea macho. Kisha akautazama mkono wake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Akamwambia polepole, "Nyamaza, Mnyamwezi. Watu watadhani nimekufa."

Joseph kalamu juu. Kanigeukia, kwa adabu zote: "Samahani mama, hili la kulia niliandike, au nalo ni utani?"

Mimi mwenye mdomo nimeomba dakika moja. Naandika haya nimesimama nje. Joseph yuko ndani anasubiri. Bonaventura ananawa uso bombani, na Mdoe kamshikia kofia kwa mkono wa kushoto.